Ua na Uwanja: Historia ya Kanuni za Mazingira ya Nyumba Mkoani Mara

Uwanja wa nyumba mkoani Mara kwa kawaida huwa mweupe. Iwe Makoko kwenye ufukwe wa Musoma, pembeni mwa barabara kuu inayokata mji wa Bunda, au kwenye miinuko ya Butiama, mbele ya mlango huwa pana udongo uliofagiliwa kila alfajiri mpaka ukashupaa, na majani hayaachwi kuusogelea ukuta. Sababu ni za nyumbani kabisa: nyoka huonekana mapema, maji ya mvua hayatuami, na hupatikana mahali pa kuanika mtama, udaga wa muhogo na, kwa walio karibu na ziwa, dagaa. Kati ya Juni na Septemba mvua huwa haba, na ukoka ungedai maji ambayo kaya nyingi huyachota mbali na kuyabeba kichwani. Katika jangwa la Nevada, Marekani, ilibidi sheria ya mwaka 2021 iamuru nyasi za mapambo zing'olewe kandokando ya barabara na kwenye maeneo ya biashara ya Las Vegas ili kuokoa maji ya mto Colorado. Mara haikuwahi kuwa na nyasi hizo za kung'oa. Amri za uwanjani zilizotolewa huku zilihusu vita, kodi, mbu, mbung'o, barabara na mipaka, na nyingi zilitolewa na watu wasioishi ndani ya ua husika.

Kanuni za zamani zaidi zinazoweza kufuatiliwa zilihusu ua wenyewe. Karne ya 19 ilipokaribia kwisha, jamii za mashariki ya ziwa, Wanata, Waikoma, Waikizu, Wangoreme na majirani zao, zilipigwa na mikosi iliyofuatana: uvamizi wa Wamaasai waliotafuta ng'ombe, njaa, ndui, na sotoka iliyofyeka mifugo mnamo 1890 na 1891. Watu waliokuwa wakiishi kaya mojamoja walikusanyika ndani ya makazi yaliyozungushiwa mawe au miiba, mifugo ikilazwa ndani pamoja na wenyewe. Upande wa Wakuria mabaki ya kuta kama hizo, zinazoitwa obugo, bado huonekana vilimani. Ufundi wa kupanga mawe bila udongo wala chokaa ulikuwa wa kale katika ukanda huu. Thimlich Ohinga, ng'ambo ya mpaka katika kaunti ya Migori nchini Kenya, yenye kuta zinazofika mita 4 kwenda juu na umri unaokadiriwa kuanzia karne ya 16, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Ndani ya boma la namna hiyo uwanja haukuwa wa mtu mmoja. Pengo la ukutani lililoachwa na kaya moja lilikuwa hatari kwa kaya zote, kwa hiyo kutunza ua lilikuwa jambo la ulinzi kabla halijawa la usafi au la kupendeza macho.

Hatari hizo zilipopungua mwanzoni mwa karne ya 20, watu walitawanyika tena kwenda kwenye mashamba, na mawe yakapisha ua hai. Minyaa, yenye utomvu mweupe unaowasha macho na ambao ng'ombe hathubutu kuugusa, ilishika kazi hiyo kwa sababu kijiti kikichomekwa tu hushika mizizi hata katika udongo mkavu. Baadaye ilifuata michongoma na mikonge. Mpangilio wa ndani ulikuwa na kanuni zake zisizoandikwa, zilizotofautiana kabila kwa kabila. Kwa Wajaluo wa Rorya na wale waliohamia pwani ya Musoma, nyumba ya mke mkubwa hukabili lango, na vibanda vya vijana wa kiume, simba, huwa karibu na lango hilo. Kwa Wakuria na Wazanaki zizi la ng'ombe ndilo lililokuwa kitovu, nyumba za wake zikilizunguka. Kaya ya Mwitongo huko Butiama, ya Mtemi Nyerere Burito aliyewatawala Wazanaki kuanzia 1915 hadi kifo chake mwaka 1942, ilikuwa na wake 22. Ukubwa wa kaya ya namna hiyo unatosha kuonyesha kwamba kupanga uwanja ilikuwa sehemu ya kupanga ukoo: nani ajenge wapi, moto wa wazee uwashwe wapi, na marehemu azikwe upande gani.

Jirani na Mwitongo kuna msitu wa Muhunda, ambao Wazanaki huuhusisha na roho ya wahenga wao. Kukata mti humo ni mwiko. Maofisa wa misitu wa karne ya 20 walihitaji mabango, doria na faini kutunza vilima vilivyokuwa vikikatwa kuni, ilhali Muhunda ulibaki umesimama bila hata kimoja cha hivyo. Ni moja ya kanuni chache za mazingira katika eneo hili ambazo hazikuwahi kuletwa na karani.

Utawala wa Wajerumani, uliokuwa na vituo Shirati na Ikoma, uliingia uwanjani kwa mlango wa kodi. Kodi ya nyumba, rupia 3 kwa kila nyumba, ilianzishwa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1898, na Waingereza waliendelea nayo kwa sheria ya 1922 ya kodi ya nyumba na kichwa. Kodi inayohesabu mapaa hubadili makazi haraka kuliko hotuba. Katika sehemu nyingi za Tanganyika watu walijibana, watu wazima wawili watatu chini ya paa moja, ili mapaa yapungue. Ghala, jiko na banda la vijana, vilivyokuwa na nafasi zao katika mpango wa kaya, vikawa vitu vya kubishania na karani wa kodi.

Wakati huohuo mfano mwingine wa uwanja ulikuwa ukionekana misheni. Wamisionari wa Afrika wa Kanisa Katoliki walifungua Nyegina, kusini ya mji wa Musoma, mwaka 1911, na Wamenonite wa Marekani walifika Shirati mwaka 1934 na muda mfupi baadaye wakawa na kituo Bukiroba. Nyumba za pembe nne zilizopangwa kwa mstari, njia zenye miti pande mbili na bustani ya mboga nyuma ya jiko vilikuwa ni somo hata kwa asiyeingia kanisani. Shule nazo zilifundisha jambo hilohilo kwa mikono. Katika shule ya bweni ya Mwisenge mjini Musoma, ambayo Julius Nyerere aliingia mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12, na katika shule nyingine zote za wakati huo, kufagia na kufyeka vilikuwa sehemu ya ratiba. Mtanzania aliyepita shule ya msingi bado anaijua adhabu ya kung'oa majani, na huenda hiyo ndiyo sababu mojawapo ya wengi kutoipenda kazi ya bustani ukubwani.

Musoma ilipokuwa makao ya wilaya chini ya Waingereza, iliingia katika orodha ya miji iliyoongozwa na Sheria ya Miji ya mwaka 1920 na Kanuni za Ujenzi za Miji za 1930. Hapo ndipo mtu alianza kuambiwa kwa maandishi aache nafasi kiasi gani kati ya nyumba yake na ya jirani, choo kikae wapi, na taka zitupwe wapi. Kanuni hizo hazikuwa sawa kwa wote. Tanganyika nzima miji iligawanywa kwa desturi ambayo majina yake hayajafutika midomoni: uzunguni, uhindini na uswahilini. Uzunguni viwanja vilikuwa vikubwa, vyenye miti na ua uliokatwa kwa mkasi. Uhindini palikuwa na maduka ya kuta za kudumu yaliyogusana. Uswahilini viwanja vilikuwa vidogo, nyumba za miti na udongo zikiruhusiwa kwa haki ya muda mfupi, na ofisa aliyeonekana mara nyingi zaidi alikuwa bwana afya. Yeye ndiye aliyepita na daftari akitazama makopo yenye maji, madimbwi, na mahindi yaliyopandwa karibu na dirisha.

Mahindi yalionewa kidogo. Serikali za kikoloni Afrika Mashariki zilikataza mazao marefu karibu na nyumba za mjini kwa kudai kuwa yanaficha mbu na wezi. Mbu aenezaye malaria hutaga katika maji yaliyotuama, si kwenye shina la mhindi, na kufyeka peke yake hakumpunguzi sana. Hata hivyo amri ya kufyeka ilidumu kuliko hoja iliyoizaa, ikarithiwa na halmashauri baada ya halmashauri. Kwa wanawake wa Musoma, ambao kipande cha mahindi uani kilikuwa mboga, unga na akiba, ilikuwa amri inayokata chakula kabla hakijakomaa.

Nje ya mji amri zilipitia kwa watemi. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, iliyokuja na siasa ya Gavana Donald Cameron ya kutawala kupitia machifu, iliwapa watemi uwezo wa kuamuru watu wao wafyeke, wasafishe visima, wachimbe vyoo na wapande mazao ya kuzuia njaa, hasa muhogo. Mbung'o naye alileta amri zake. Malale yalipoenea katika sehemu za kanda ya ziwa kuanzia miaka ya 1920, serikali iliwahamisha watu wa maeneo ya vichaka na kuwaweka katika makazi ya pamoja, na kuwatia katika kazi ya kufyeka vichaka kuzunguka makazi hayo ili inzi wasipate kivuli. Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o Tanganyika akiwa na makao Shinyanga, aliamini kwamba watu wengi wanaolima na kufyeka ndio kinga bora kuliko dawa. Kwa upande wa mashariki ya Bunda, kuelekea Ikoma, mtu aliyefyeka mbele ya nyumba yake alikuwa akitekeleza nadharia ya kisayansi bila kuulizwa.

Mwaka 1963, miaka miwili baada ya uhuru, utawala wa machifu ulifutwa. Amri za uwanjani zikahamia kwa halmashauri na kwa chama tawala, ambacho katikati ya miaka ya 1960 kiliweka mjumbe kwa kila nyumba kumi. Balozi wa nyumba kumi alikuwa na faida ambayo bwana afya hakuwa nayo: aliishi hapohapo, na uwanja wake mwenyewe ulitazamwa na wale aliowahimiza. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilitumia vyema mtandao huo. Vikundi vya watu vilikusanyika kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakajadili kijitabu, kisha wakatoka kwenda kufanya walichokubaliana: kuchimba choo, kufukia madimbwi, kufyeka, kuchemsha maji. Takribani watu milioni 2 nchini walishiriki. Mada zake, malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu, zilikuwa zikijulikana vizuri na mtu yeyote aishiye kando ya Ziwa Victoria. Katika kampeni zote za usafi zilizopita Mara hiyo ndiyo iliyoeleza sababu kabla ya kutoa amri, na kichanja cha vyombo, shimo la taka na choo cha nyuma ya nyumba vimekuwa vipimo vya kaya bora hadi leo.

Pigo kubwa kwa uwanja wa zamani lilikuja mwaka uliofuata, 1974. Tarehe 6 Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kwamba hadi mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Mara haikusubiri tarehe hiyo. Watu wengi wa mkoa huo, pamoja na majirani wa kwao Rais huko Butiama, walihamishwa 1974. Nyumba zilipangwa kwa mistari kando ya barabara, kila kaya ikipimiwa kiwanja, mara nyingi cha ekari moja, na mpangilio wa lango, zizi na nyumba za wake ukavunjika kwa mkupuo. Mwenye ng'ombe 40 alijikuta akipakana na mwenye bustani ya mchicha. Ua wa minyaa uliokuwa umechukua miaka kukua uliachwa, na alama za kaya zikabaki mahameni: minyaa, mikonge, mawe matatu ya jiko, na makaburi.

Alama hizo zilikuja kuwa ushahidi. Usimamizi wa vijiji ulipolegea katika miaka ya 1980, familia nyingi zilirudi kwenye mahame yao, na wengine walikuta yamelimwa na watu wengine. Mgogoro ulipofika kwa wazee au mahakamani, mstari wa minyaa na kaburi la babu vilisema kwa sauti kubwa kuliko karatasi. Mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta madai ya kimila katika ardhi ya vijiji hivyo vya uhamisho. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, ikabatilisha sehemu za sheria hiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilijaribu kufunga ukurasa kwa kuthibitisha ugawaji uliofanyika kati ya 1970 na 1977. Tangu hapo kupanda ua si suala la urembo tu kijijini. Anayechomeka vijiti vya mnyaa usiku kwenye mpaka anatoa madai, na jirani anayeving'oa asubuhi anayakataa.

Mjini nako palikuwa na pengo lake. Katika mfumo wa Madaraka Mikoani halmashauri za wilaya zilivunjwa 1972 na za miji mwaka uliofuata. Mitaro ikaziba, taka zikalundikana, na kipindupindu kilichoikumba nchi mwaka 1977 na 1978 kikawa moja ya sababu za kurudisha halmashauri za miji mwaka 1978. Sheria mbili za Serikali za Mitaa za 1982, moja ya wilaya na moja ya miji, ndizo zinazotumika hadi sasa. Chini ya ile ya wilaya, halmashauri ya kijiji hupendekeza sheria ndogo, mkutano mkuu wa kijiji huijadili, kisha halmashauri ya wilaya huidhinisha. Kwa utaratibu huo vijiji vimeweka kanuni za choo, shimo la taka, idadi ya miti kwa kaya, mifugo isiyofungwa na uchomaji moto.

Kilimo cha mjini, kilichokuwa kikikimbizana na bwana afya tangu ukoloni, kilipata nafasi katika kanuni za mwaka 1992 za mipango miji. Mtu aliruhusiwa kulima mjini eneo lisilozidi ekari 3 na kufuga ng'ombe wasiozidi 4, wakilishwa bandani. Kanuni hizo zilikuwa zikikiri kilichokuwapo tayari. Mishahara ya miaka ya 1980 ilikuwa imemgeuza karani wa Musoma kuwa mfugaji na mwalimu kuwa mkulima wa uani, na hakuna ofisa ambaye angefyeka bustani ya bosi wake.

Miaka ya 2000 ilileta sheria nyingi kwa mfululizo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ilizuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa. Mwaka 2007 ilikuja Sheria ya Mipango Miji, ikichukua nafasi ya ile ya kikoloni ya 1956, na mwaka 2009 Sheria ya Afya ya Jamii. Kwa mji kama Musoma, uliojengwa kwenye rasi yenye maji pande tatu, mita 60 ni sehemu kubwa ya viwanja bora kabisa, na baadhi ya nyumba zilikuwapo kabla ya sheria. Ziwa lenyewe limeisaidia serikali hoja. Kati ya 1961 na 1964 maji yalipanda kwa zaidi ya mita 2, na Mei 2020 yalivuka hata kiwango hicho, yakaingia katika nyumba, mialo na bustani za ufukweni. Aliyepima mita zake 60 mwaka wa ukame alizikuta zimepungua.

Desemba 9, 2015, Rais John Magufuli alifuta sherehe za uhuru na kuagiza siku hiyo itumike kwa usafi. Kutoka hapo ikaja Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, ambapo katika miji mingi maduka hufungwa hadi saa 4 asubuhi na kila mtu hutakiwa asafishe eneo lake hadi mtaroni. Watendaji wa mitaa hupita, na faini hutolewa papo kwa papo. Utekelezaji hupanda na kushuka kulingana na nani mkuu wa wilaya na kama kipindupindu kimetajwa redioni.

Siku hizi ua hai unarudi nyuma mjini. Ukuta wa matofali ya saruji wenye geti la chuma umekuwa ishara ya mafanikio, na vitofali vya pevingi vinafunika uwanja uliokuwa ukifagiliwa. Pevingi humaliza vumbi, lakini maji ya mvua yaliyokuwa yakizama sasa huteremka kwa jirani wa chini, na kwenye miteremko ya Musoma yenye majabali hilo limezaa ugomvi mpya wa mitaro. Katika mashamba yaliyoachwa ya Bunda, Butiama na Serengeti tatizo ni kinyume chake: magugu vamizi kama Lantana camara, lililoletwa Afrika likiwa ua la bustani, na Chromolaena odorata yanasonga malisho, na mwenye eneo anayeyaacha yatoe mbegu huwapelekea majirani wote.

Mstari wa mwisho unaomhusu mwenye nyumba hauko ndani ya ua wake. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Barabara ya Mwanza hadi Sirari, inayopita Bunda na kukaribia Butiama, ina nyumba, vibanda, miti ya kivuli na ua wa michongoma uliokuwapo ndani ya mita hizo 7.5 za nyongeza. Wakala wa barabara, TANROADS, huweka alama ya X: nyekundu kwa aliyejenga ndani ya mita 22.5, anayetakiwa kuondoka bila malipo, na kijani kwa aliye kati ya 22.5 na 30, anayestahili fidia eneo lake likihitajika. Mwenye X ya kijani anaweza kuendelea kufagia na kuishi hapo, ila haruhusiwi kuendeleza, na mti anaoupanda baada ya alama kuwekwa hauingii katika hesabu ya fidia.